Jürgen Klopp, beki wa Mainz aliyegeuka kocha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashabiki wengi wa kwetu walianza kumfahamu Klopp Oktoba 2015, siku alipotua Liverpool na miwani yake na yale meno meupe. Ya nyuma hayajulikani sana. Kwenye kibanda umiza ninakotazamia mpira, ubishi juu ya nafasi aliyocheza haujawahi kuisha: huyu anaapa alikuwa mshambuliaji, yule anasema hakucheza mpira wa maana hata siku moja. Nimeyajibu hapa maswali ninayoyasikia kila wiki. Nimekaa zaidi kwenye miaka yake ya ubeki kwa sababu naamini ukiielewa hiyo, Dortmund na Liverpool zinajieleza zenyewe.

Klopp alikuwa beki au mshambuliaji?

Alikuwa vyote viwili, kwa zamu. Alizaliwa Stuttgart tarehe 16 Juni 1967, akakulia Glatten, kijiji kilichoko kwenye msitu wa Schwarzwald, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kusafiri aliyewahi kudaka mpira enzi zake, na ndiye aliyemfundisha mwanawe michezo kwa ukali wa mtu asiyependa kushindwa. Klopp akapita timu ndogo ndogo, nyingine za ridhaa kabisa, hadi mwaka 1990 alipojiunga na Mainz 05, akiwa na miaka 23. Mainz ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja la pili.

Hapo alicheza mbele. Alikuwa mrefu, ana mbio, anajua kupiga kichwa. Mwaka 1991 alifunga mabao manne katika mechi moja dhidi ya Rot-Weiss Erfurt. Mwaka 1995 akarudishwa nyuma, na kuanzia hapo hadi anatundika daluga mwaka 2001 alikuwa beki, mara nyingi namba mbili, yaani beki wa kulia. Jumla aliichezea Mainz mechi 325 za ligi na kufunga mabao 52. Kwa hiyo wabishi wa kibandani wana haki pande zote mbili, ila wanaosema hakucheza kabisa ndio waliopotea.

Nani alimrudisha nyuma?

Wolfgang Frank. Kama kuna jina moja la kushika katika ukurasa huu wote, shika hilo.

Frank alichukua timu Septemba 1995, ikiwa mkiani mwa daraja la pili. Ili uone uzito wa alichofanya, kumbuka mpira wa Kijerumani ulivyokuwa wakati ule. Timu karibu zote zilicheza na libero, yule beki wa mwisho anayesimama nyuma ya wenzake akifagia kila kinachopita. Mbele yake kila beki alipewa mtu wake wa kumganda dakika tisini: akienda chooni unamfuata chooni. Franz Beckenbauer ndiye aliyeipa nafasi ya libero heshima yake yote, na kuigusa ilikuwa kama kugusa mila.

Frank aliigusa. Akamwondoa libero, akapanga mabeki wanne kwenye mstari mmoja, akawaambia wachezaji walinde eneo, wasimlinde mtu. Alikuwa amevutiwa na AC Milan ya Italia chini ya kocha Arrigo Sacchi, akawa anawakalisha wachezaji mbele ya mikanda ya video ya timu ile. Kisha anawatoa uwanjani na kuwafanyisha mazoezi ya kujipanga bila mpira, saa kwa saa: mpira ukiwa kulia, wote tunasogea hatua kadhaa kulia, ukirudi katikati, wote tunarudi, mwenzako akitoka kukaba, wewe unaziba mgongo wake. Mchezaji yeyote wa mtaani angeona ni adhabu. Mzunguko wa pili wa msimu huo Mainz ilivuna pointi nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya daraja lao, kwa wachezaji wale wale waliokuwa wanaburuza mkia.

Klopp amelieleza jambo hili mara nyingi. Kabla ya Frank, yeye na wenzake waliamini kwamba timu yenye wachezaji wabovu lazima ifungwe na timu yenye wachezaji wazuri, ndivyo dunia ilivyo. Baada ya Frank wakajua kwamba mpango unaweza kumfunga mtu anayekuzidi kipaji. Beki wa kulia wa timu ndogo alijifunza hilo kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na jasho mgongoni.

Alikuwa beki mzuri?

Wa kawaida, na yeye ndiye wa kwanza kusema. Kauli yake maarufu ni kwamba alikuwa na miguu ya daraja la nne na kichwa cha daraja la kwanza. Hakuwahi kucheza Bundesliga, ligi ya daraja la kwanza la Ujerumani, hata dakika moja, wala kuitwa timu ya taifa.

Lakini alikuwa anasoma mchezo na anapiga kelele. Beki asiyejaliwa miguu huishi kwa macho na mdomo: anaona hatari mapema, anampanga aliye mbele yake, anaokoa kwa kusimama mahali sahihi kabla mpira haujafika. Ndiyo kazi ya kocha hiyo, ila yeye alikuwa anaifanya akiwa amevaa jezi. Wakati huo huo alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Goethe, Frankfurt, alikohitimu sayansi ya michezo mwaka 1995, na tena akawa anasafiri hadi Cologne kwenye masomo ya ukocha. Watu wanamwona mtu wa hisia tupu, anayerukaruka pembeni ya uwanja. Kitabu alikishika tangu zamani.

Ni kweli aligeuka kocha ndani ya siku mbili?

Ni kweli, na ukizihesabu ndizo hizo. Februari 2001 Mainz ilikuwa inachungulia daraja la tatu. Kocha Eckhard Krautzun akaondolewa, na Christian Heidel, aliyekuwa anaendesha masuala ya soka klabuni, hakuona wa nje anayemfaa. Ilikuwa ni wiki ya kanivali, mji mzima wa Mainz uko mitaani na mavazi ya rangi. Heidel akampigia simu beki wake mwenye miaka 33, ambaye siku chache tu nyuma alikuwa kwenye mchezo kama mchezaji, akamuuliza kama anaweza kuishika timu.

Alitangazwa tarehe 27 Februari. Tarehe 28 akakaa benchi kwa mara ya kwanza, Mainz ikaifunga MSV Duisburg 1-0. Katika mechi saba za kwanza walishinda sita, timu ikabaki salama. Vijana waliokuwa wanamwita Kloppo asubuhi ya mazoezi waliendelea kumwita Kloppo, ila sasa ndiye anayepanga kikosi. Na alichowafundisha si kipya: alirudisha mstari wa mabeki wanne na mpango wa Frank.

Kwa nini watu wa Mainz wanampenda hivyo wakati hakuwapa kombe?

Kwa sababu waliumia naye. Mwaka 2002 walihitaji matokeo siku ya mwisho kwa Union Berlin ili wapande Bundesliga, wakafungwa 3-1, wakamaliza wa nne. Mwaka 2003 ikawa kali zaidi. Walishinda 4-1 ugenini Braunschweig, wakawa wamesimama uwanjani wanasubiri habari. Eintracht Frankfurt, walio jirani zao kabisa, walikuwa wanacheza na Reutlingen, wakafunga mabao ndani ya dakika za nyongeza na kushinda 6-3. Mainz ikakosa kupanda kwa tofauti ya bao moja. Bao moja katika msimu mzima!

Mtu mwingine angevunjika. Mwaka uliofuata, 2004, walipanda kwa pointi 54 baada ya kuifunga Eintracht Trier 3-0 siku ya mwisho. Ndiyo mara ya kwanza Mainz kuonja Bundesliga katika historia yake. Kabla ya msimu huo Klopp aliwapeleka wachezaji ziwani Sweden, siku tano bila umeme, chakula ni kile mnachokivua wenyewe. Alitaka wajifunze kutegemeana kabla hawajakutana na Bayern.

Walidumu misimu mitatu, wakashuka 2007. Yeye hakukimbia. Alibaki mwaka mmoja kujaribu kuwarudisha, haikuwezekana, akaondoka 2008 huku anatokwa na machozi mbele ya mashabiki wake. Siwezi kufikiria kocha mwingine aliyeshusha timu na mji ukamlilia namna hiyo.

Dortmund alikuta nini?

Klabu kubwa iliyochoka. Mwaka 2005 Borussia Dortmund ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, na msimu wa 2007/08 ilimaliza nafasi ya 13. Hakukuwa na fedha za kununua mastaa, kwa hiyo Klopp akategemea vijana. Katikati ya ulinzi aliwapanga Mats Hummels na Neven Subotić, huyu wa pili akiwa ametoka naye Mainz. Wote walikuwa na miaka 19. Niambie ni kocha gani anayelala usingizi akiwa na mabeki wa kati wawili wa umri huo.

Ila hawakuwa peke yao, na hapo ndipo mkono wa beki wa zamani unapoonekana. Mbele yao timu nzima ilikuwa inakaba. Shinji Kagawa, aliyetoka Japani kwa euro 350,000 tu, alikuwa anakaba. Kevin Großkreutz na Kuba Błaszczykowski walikimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Msimu wa 2010/11 Dortmund ilitwaa ubingwa na kuruhusu mabao 22 tu katika mechi 34, machache kuliko timu yoyote ya ligi hiyo. Msimu uliofuata wakachukua tena kwa pointi 81, rekodi ya Bundesliga wakati ule, na kwenye fainali ya Kombe la Ujerumani wakaichapa Bayern 5-2, Robert Lewandowski akifunga matatu.

Mwaka 2013 walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Wembley baada ya kumfunga Real Madrid 4-1 kwenye mechi ya kwanza ya nusu fainali, mabao yote ya Lewandowski. Bayern wakashinda 2-1, bao la Arjen Robben dakika ya 89.

Hiyo “Gegenpressing” inayotajwa kila siku ni kitu gani hasa?

Watangazaji wetu husema kukabia juu, na si vibaya, ila kuna tofauti ndogo. Kukabia juu ni kumsogelea mpinzani akiwa kwenye eneo lake anapoanza kujenga mashambulizi. Gegenpressing ni kile kinachotokea sekunde ile ile ulipopoteza mpira: hurudi nyuma, unamvamia aliyeuchukua.

Sababu yake ni rahisi. Mtu aliyekunyang'anya mpira ametumia akili na nguvu kuunyang'anya, hajainua kichwa bado, na wenzake walikuwa wamejipanga kulinda, wengine wanaanza kufunguka kukimbia mbele. Ukiupokonya hapo hapo unamkuta hana umbo, na wewe uko hatua chache kutoka golini kwake. Klopp amewahi kusema kwamba hakuna namba kumi, yaani kiungo mchezeshaji, duniani anayeweza kutengeneza nafasi nzuri kama hiyo.

Wengi huuona mtindo huu kama wa kushambulia. Mimi nauona kama ndoto ya beki. Beki wa timu ndogo anajua tabu ya kukimbizwa kuelekea golini kwake mwenyewe, akiwa na winga mwenye mbio na uwanja mtupu nyuma yake. Dawa yake ni nini? Mpira usifike kwake kabisa. Mshambuliaji aukabe kule kule ulikopotelea. Ndiyo maana kwa Klopp mshambuliaji asiyekaba hana nafasi hata awe na kipaji gani.

Aliikuta Liverpool katika hali gani, na ulinzi aliurekebisha vipi?

Alitambulishwa Oktoba 2015, akajiita mtu wa kawaida, akawaomba mashabiki wageuke kutoka watu wenye mashaka kuwa watu wanaoamini. Mechi ya kwanza, ugenini kwa Tottenham tarehe 17 Oktoba, iliisha 0-0.

Miaka miwili ya mwanzo timu ilifunga sana na kufungwa kizembe. Msimu wa 2016/17 kiungo James Milner alichezeshwa beki wa kushoto karibu msimu mzima. Kisha marekebisho yakaja moja baada ya jingine. Andy Robertson alitoka Hull City iliyoshuka daraja, kwa bei ya chini. Trent Alexander-Arnold, mtoto wa mji huo huo aliyekuwa kiungo kwenye timu za vijana, akapelekwa beki wa kulia. Januari 2018 akaja Virgil van Dijk kwa pauni milioni 75, bei ambayo hakuna beki aliyewahi kununuliwa kabla yake, na kiangazi kipa Alisson Becker.

Msimu wa 2018/19 Liverpool iliruhusu mabao 22 katika mechi 38. Lirudie hilo: 22, idadi ile ile ya Dortmund ya ubingwa wa 2011. Wakati huo huo Alexander-Arnold alitoa pasi za mabao 12 za ligi na Robertson 11. Mabeki wa pembeni, si viungo! Klopp aliyakabidhi mashambulizi yake kwa wale watu wanaocheza nafasi aliyocheza yeye, namba mbili na namba tatu, kazi ambayo shuleni walipewa wale waliobaki baada ya wengine kuchagua. Hata mipira ya kurusha aliitafutia mwalimu wake, Thomas Grønnemark wa Denmark, na watu wakamcheka. Beki wa pembeni ndiye anayejua mipira ile ni mingi kiasi gani katika mechi moja.

Kuna uhusiano wowote kati ya Klopp na Afrika Mashariki?

Upo wa kweli, na unapitia kwa Divock Origi. Alizaliwa Ostend, Ubelgiji, lakini baba yake ni Mike Okoth, mshambuliaji wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, aliyekwenda kucheza Ubelgiji. Ndugu yake Okoth, Austin Oduor, ndiye nahodha aliyenyanyua Kombe la Washindi Afrika na Gor Mahia mwaka 1987. Nyumba ya mpira, kwa kifupi.

Origi alianza katika mechi ile ya kwanza kabisa ya Klopp. Hakuwa chaguo la kwanza miaka mingi, ila tazama alipotokea. Desemba 2018, dakika ya 96, mpira ulidunda juu ya mwamba wa Everton, naye ndiye aliyekuwa bado ameutazama wakati wengine wameshageuka: kichwa, 1-0. Klopp alikimbia hadi katikati ya uwanja kumkumbatia Alisson, akapigwa faini ya pauni 8,000.

Halafu tarehe 7 Mei 2019, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Barcelona walikuja Anfield wakiwa na mabao matatu mfukoni. Washambuliaji Salah na Firmino majeruhi. Origi anafunga dakika ya 7, Georginio Wijnaldum anaingia kipindi cha pili na kufunga mawili ndani ya dakika mbili. Dakika ya 79 inapigwa kona. Alexander-Arnold anauweka mpira, anapiga hatua kama anauacha kwa mwenzake, anageuka na kuuchonga chini haraka huku mabeki wa Barcelona wamempa mgongo. Mtu mmoja tu ndani ya boksi alikuwa macho. Mguu wa kulia, 4-0. Kibandani kwetu mabenchi yalianguka, na mzee mmoja shabiki wa Manchester United alisimama akapiga makofi.

Fainali ya Madrid tarehe 1 Juni, Salah akafunga penalti dakika ya 2 na Origi akaimaliza dakika ya 87. Upande wa pili, kwenye benchi la Tottenham, alikuwepo Victor Wanyama, nahodha wa Kenya.

Wanyama naye alikuwa ameshamtonesha Klopp. Februari 2018 pale Anfield, kipa wa Liverpool, Karius, alipangua mpira ukamfikia Wanyama nje ya boksi, akauachia mzinga wa mguu wa kulia ulioingia pembe ya juu. Mechi iliisha 2-2. Na sisi Watanzania tuna letu: tarehe 5 Novemba 2019, kwenye Ligi ya Mabingwa, Mbwana Samatta wa Genk alipanda juu kwenye kona mbele ya lango la Liverpool na kusawazisha kwa kichwa. Liverpool ilishinda 2-1, ila usiku ule hakuna aliyejali matokeo. Mtoto wa Mbagala amefunga Anfield.

Ameshinda makombe gani makubwa?

Dortmund: Bundesliga mbili (2011, 2012) na Kombe la Ujerumani (2012). Liverpool: Ligi ya Mabingwa, Super Cup ya Ulaya na Kombe la Dunia la Klabu, yote 2019, Ligi Kuu ya Uingereza 2020 kwa pointi 99, ya kwanza kwa klabu hiyo baada ya miaka 30, Kombe la FA 2022, Kombe la Ligi 2022 na 2024. FIFA ilimtaja kocha bora wa mwaka 2019 na 2020.

Kwa hiyo hana doa?

Anayo. Kabla ya Madrid alipoteza fainali sita mfululizo: Wembley 2013, mbili za Kombe la Ujerumani, Kombe la Ligi na Europa League 2016, na Ligi ya Mabingwa pale Kyiv 2018. Msimu wake wa mwisho Dortmund timu ilishika mkia Februari 2015 kabla ya kujikongoja hadi nafasi ya saba. Mpira wake unachosha miili, na timu zake zikichoka zinachoka zote kwa pamoja.

Mstari wa mabeki waliopanda juu nao una bei. Oktoba 2020 Aston Villa waliwatandika 7-2, mara kadhaa kwa mipira ya kuwapita mgongoni. Siku chache baadaye van Dijk akaumia goti, wakafuata Joe Gomez na Joel Matip, na Liverpool ikapoteza mechi sita mfululizo nyumbani. Lakini ni msimu huo huo ninaopenda kuutaja. Klopp alimaliza na Nat Phillips na Rhys Williams katikati ya ulinzi, vijana ambao mwaka mmoja nyuma hakuna aliyewajua, na timu ikamaliza ya tatu. Beki mwenye miguu ya daraja la chini alijua nini cha kuwaambia mabeki wa kawaida.

Hasira nayo. Mwamuzi msaidizi aliwahi kukaripiwa usoni katika mechi na Manchester City Oktoba 2022, Klopp akala nyekundu. Hilo silitetei.

Kwa nini aliondoka Liverpool, na sasa anafanya nini?

Tarehe 26 Januari 2024 alitangaza kwamba nguvu zinamwishia, wakati mkataba wake ulikuwa unafika 2026. Mechi ya mwisho ilikuwa tarehe 19 Mei, 2-0 dhidi ya Wolves. Ameshasema hatafundisha klabu nyingine ya Uingereza.

Januari 2025 alianza kazi Red Bull kama mkuu wa soka wa klabu zao zote, zikiwemo Leipzig, Salzburg na New York. Hakai benchi; anashauri makocha na kusimamia falsafa ya uchezaji. Mashabiki wengi wa Mainz na Dortmund waliumia, kwa sababu Ujerumani klabu hizo zinaonekana kama tangazo la biashara lililovikwa jezi. Nawaelewa. Mtu aliyelia nao alipoondoka, wao walimhesabu kuwa wao.

Nikitaka kuuona ubeki wake ndani ya timu zake, nitazame mechi ipi?

Mbili. Ya kwanza ni Liverpool 4-3 Manchester City, Januari 2018. Usitazame mabao tu. Mtafute Robertson, beki wa kushoto, kipindi cha pili: anamkaba mmoja, anamwacha, anamfuata wa pili, wa tatu, anaendelea hadi kwa kipa Ederson, peke yake, uwanja mzima unainuka. Huyo ni beki wa Klopp.

Ya pili ni Liverpool na Tottenham, tarehe 31 Machi 2019. Matokeo ni 1-1, dakika tano zimebaki. Moussa Sissoko anatoka na mpira, mwenzake Son Heung-min yuko pembeni yake, na mbele yao amebaki van Dijk peke yake. Wawili kwa mmoja. Mtazame miguu yake: haendi kwa Sissoko, haendi kwa Son. Anarudi kinyumenyume katikati yao, ameuziba ule mlango wa pasi kwa Son, aliye mmaliziaji hatari kuliko mwenzake. Sissoko analazimika kupiga mwenyewe, tena kwa mguu wa kushoto, ambao si wake. Mpira unapaa juu ya mwamba. Dakika ya 90 Toby Alderweireld anajifunga, Liverpool wanashinda 2-1. Irudishe nyuma picha ile ya van Dijk mara tatu au nne, bila sauti, uhesabu hatua zake.